Mfereji wa Nyumba ya Fundi

Mume wangu alikuwa fundi bati. Mifereji ya kando ya paa, ile inayopeleka maji ya mvua kwenye pipa, watu wa Newala walikuja kutengenezewa kwake. Nyumba yetu haikuwa nao hata mmoja. Bati la paa tulikuwa nalo, tulilinunua mwaka mikorosho ilipotuitikia. Pipa tulikuwa nalo. Mvua ikinyesha, maji yanamwagika chini huku nayatazama, na kiangazi kikija nayafuata bondeni.

Asiyetoka kwetu halijui bonde. Sisi tuko juu, maji yako chini. Unashuka na ndoo tupu kungali giza, unapanda nayo imejaa jua likiwa utosini, na ukiteleza penye mawe unarudi kuanza upya.

"Baba watoto, mfereji wangu."

"Mteja kwanza, mama. Mteja ukimuudhi anakwenda kwa mwingine. Wewe utakwenda wapi?"

Hayo ni ya wakati akijiajiri, ameketi barazani na mkasi wake, anagonga kutwa nzima. Kisha akaajiriwa kwenye karakana ya serikali, nami nikafurahi mno. Nilidhani mwenye saa za kazi anazo na saa za nyumbani. Kumbe! Vita vya Msumbiji vilikuwa vimepamba moto ng'ambo ya Ruvuma, na karakana ilikuwa ikitengeneza ndoo za wakimbizi. Hilo sina neno nalo. Lakini alasiri mtu yuko nyumbani, kajilaza, eti mwili umechoka kwa ajili ya taifa. Bati? La serikali. Mkasi? Wa serikali. Na ule wake mwenyewe? Kamwazima mtu, maana mwajiriwa mkasi wa nini! Mikutanoni viongozi wakihubiri kujitegemea, na mpiga makofi wa mstari wa mbele alikuwa yeye.

Mwaka haujaisha akagombana na msimamizi, akaacha kazi, akaufuata mkasi wake na kurudi barazani.

"Sasa mimi ni bwana wa nafsi yangu," akasema.

"Na mfereji?"

"Mteja kwanza."

Wakati huo nilikuwa na mimba ya nne. Niliogopa, nasema kweli. Mwenzetu mmoja aliteleza kwenye yale mawe akiwa mjamzito, akarudi kwake bila mtoto. Nilimweleza mume wangu hayo. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaendelea kugonga mfereji wa watu.

Nikaenda kwa jirani yetu, mke wa mwalimu, mtu wa bara. Nikampa kamba niliyopimia ukingo wa paa letu na kuku wangu wa madoadoa. Jioni akapiga hodi kwetu.

"Shemeji, nataka mfereji wa urefu huu. Mvua zinakaribia, na malipo ni haya."

Mume wangu akampokea kuku, akampima uzito kwa mkono, akaridhika. Kuku niliyemlea mimi, mbele ya macho yake, hakumtambua.

Alfajiri sijawasha hata moto, nyundo inalia. Kufika alasiri mfereji umekwisha, umenyooka, umelehemiwa vizuri hata pa kuvuja hapaonekani. Nilikasirika kwa uzuri wake. Akaubeba begani, akaupeleka mwenyewe kwa mwalimu, nami nikasimama mlangoni petu.

"Nifunge upande gani, shemeji?"

"Urudishe kwako, shemeji. Mwenye mfereji ni yule pale."

Alirudi nao begani, polepole. Kuku, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfungua kamba ya miguu asubuhi, alikuwa amekwisha ingia kwenye kiota chake cha siku zote chini ya ghala. Mume wangu akamtazama kuku, akanitazama mimi, akalitazama tumbo langu. Nilitegemea acheke, au agombe, au aombe radhi.

"Ungeniambia ni wa kwetu," akasema, "nisingeamka na giza lile."

Nikamsogezea ngazi.

"Panda," nikamwambia. "Mteja anasubiri."