Nilimhamisha mama kutoka ufukweni Kalemie ili maji yasimpate, nikamwondoa pia kwenye riziki yake

Wakuu, salamu kutoka Kalemie, huku Kongo, ng'ambo ya Kigoma. Haya yamenitokea mwenyewe, na sehemu inayonitia aibu sitairuka.

Miezi mitatu nimekosa usingizi kwa swali moja: nilimwokoa mama yangu, au nilimtesa kuliko maji yenyewe?

Mimi ni binti, nimemaliza chuo, kazi bado sijapata. Kitabu changu cha kumalizia masomo, yaani tasnifu, kilihusu mafuriko ya ziwa. Niliandika kwamba watu wa ufukweni wahamie mlimani. Nikapewa alama nzuri.

Mama anakausha ndagala, wale ambao ninyi wa Kigoma mnawaita dagaa. Nimelelewa juu ya mchanga ule, wamama wakiitana mlango kwa mlango. Utotoni niliichukia harufu ya samaki kwenye nguo za mama. Siku hizi nainusa mikunjo ya vitenge vyake na siipati.

Ziwa halikuja kwa kishindo. Lilipanda polepole, mwezi baada ya mwezi. Likaanza na choo, likaingia jikoni. Nyumba yetu ya matofali mabichi ikalainika kama mkate ndani ya chai. Jirani yetu mwenye ghorofa alileta lori, akang'oa milango na madirisha, akahamia nyumba yake nyingine. Kesho yake alikuwa ofisini kama kawaida.

Mama alitaka tusogee nyuma mistari miwili tu ya nyumba. Nikakataa. Nikamsomea kitabu changu. Kweli, wakuu, nilimsomea ukurasa kwa ukurasa.

"Sawa, Aline," akasema. "Weye njo ulisoma." Yaani mimi ndiye niliyesoma.

Tukapanda mlimani, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Sasa niwaeleze jambo ambalo sikuliandika, ingawa nalijua tangu utoto. Pale mchangani hakuna hati. Mahali pa kuanikia ni pa yule anayepafagia kila alfajiri kabla mitumbwi haijafika. Mchanga wako usipofagiwa, unachukuliwa na mwingine. Halafu ndagala wakishaanikwa, mwenyewe lazima akae karibu aangalie mawingu. Tone la kwanza likidondoka, anawakusanya mbio. Akichelewa, wanaoza.

Wiki ya pili mama alianika, akapanda nyumbani kupumzika. Kwetu jua linawaka, ziwani mvua inanyesha. Alipoona wingu alikimbia, akaanguka kwenye mteremko. Alipofika, ndagala wamekuwa uji. Goti likavimba, kushuka kukamshinda. Rafiki yake, Mama Sifa, akawa anamfagilia mahali pake.

Mama akawa anakaa mlangoni, uso umeelekea ziwani, ingawa kutoka pale ziwa halionekani. Upepo ukivuma ananiuliza, "Leo wamepata?"

Alimaanisha wavuvi, kama wamepata ndagala.

Ndipo nikaanza kumfikiria yule jirani wa ghorofa. Nyumba aliyopoteza ilikuwa kubwa kuliko yetu mara nyingi. Lakini alipoteza nyumba tu. Kwetu sisi nyumba, kazi na marafiki vilikuwa mahali pamoja, hatua chache kutoka majini, na maji yalipokuja yalivikuta vyote. Ukimwondoa maskini kwenye hatari, mara nyingi unamwondoa na kwenye chakula chake. Anarudi, sisi tuliosoma tunamwita mkaidi. Neno hilo nililiandika mimi mwenyewe, na mama yangu alikuwa miongoni mwa niliowaandika.

Jumatatu Mama Sifa akapanda kwetu, anahema.

"Mama yako ni mugonjwa, ao ametuchoka?"

"Ni goti, Mama."

"Goti! Ile akili yako ya shule njo ilimuvimbisha goti." Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tuhame. Mama Sifa hakucheka. "Sikia, Aline. Wamama wananung'unika, mahali panakaa bure. Ijumaa asipokuja, napaachilia. Mimi si mulinzi wa makaburi."

Mnanijua sasa, mimi ni mtu wa kuwaza. Nikachora karatasi safu mbili. Maji yakipanda tena? Akizama? Na asipozama, akanyauka hapa mlangoni? Nikajaza kurasa tatu, kisha nikagundua kwamba mama mwenyewe sijamuuliza.

"Mama, weye unataka nini?"

"Nataka kwenda kazi yangu," akasema. "Maji nitayaogopea kule kule."

Nilichojifunza ni kidogo: kabla ya kumwambia mtu ahame, uliza kazi yake itahamaje. Kama kuna mwenzangu aliyewahi kumhamisha mzazi, hata kama ulifanya kinyume na mimi, niambie ilikuwaje. Mkinilaumu nitasoma yote.

Jumatano nilishuka kutafuta chumba. Nimekipata juu kidogo ya reli. Ukisimama mlangoni unaona mchanga na mawingu yote ya ziwa. Ni karibu na maji kuliko kitabu changu kinavyoruhusu, na ninaogopa bado. Alhamisi nilibeba godoro kichwani, mama akashuka kwa pikipiki amekumbatia beseni lake.

Ijumaa alfajiri mama alikaa pale mchangani juu ya beseni hilo, akanionyesha mipaka kwa kidole. Mimi nikafagia.