Ngazi za Mnara wa Nyamirambo

Kamati ya msikiti iliponiuliza kama ngazi za mnara zibomolewe, nilipaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo, tena kwa Kifaransa, ili wasisahau kwamba nimesoma sekondari.

Ninyi mliokulia Nyamirambo enzi zetu mnaukumbuka msikiti wa zamani. Wazee walituambia uliinuliwa na wafanyabiashara waliokuja na Kiswahili chao kutoka Ujiji na Tabora, na matofali yake yalipandishwa kichwani kutoka bondeni. Kuta nene, paa la mabati, na ndani harufu ya chokaa na mikeka. Mnara ulikuwa mfupi, ngazi zikizunguka kwa ndani, nyembamba hata baba yangu, aliyekuwa mwadhini, alipanda kiubavu. Spika hakuna. Akifika juu alishika masikio, akaita kwa pumzi zake mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani sisi watoto tulisimama uani tukimkodolea macho. Mikono ikiinuka tu, kila mmoja alitimka kuelekea mtaani kwao akipiga kelele, "Ameinua!" Sifa ilikuwa kufika kabla ya sauti. Jioni moja niliwaacha wenzangu mbali sana, na mtaa mzima ukanywa uji. Kumbe baba alikuwa anajikuna sikio.

"Mana we! Mungu wangu, Hamisi!" jirani yetu Mama Zaina alifoka, sambusa mkononi. "Baba yako iko anajikuna, wewe unatufuturisha!"

Watu walilazimika kulipa funga ile, nami nikaitwa Muwasho hadi nilipooa. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Kesho usubiri sauti," alisema, "siyo kiwiko." Vijana wa leo hufuturu wakitazama simu. Simu haijikuni, ndiyo maana hawana cha kusimulia.

Nilipokuwa mtu mzima wakanichagua katibu wa kamati. Msikiti ulikuwa unapanuliwa: vigae, kuba, nguzo, spika nne. Mwenyekiti akaniambia, "Pale kwenye ngazi tuweke tangi la maji ya udhu. Mzee iko anachoka, siku moja ataanguka. Ukikubali wewe mtoto wake, yeye hatabisha."

Hakuna aliyemwuliza mzee, na mimi niliyelala naye nyumba moja sikumwuliza pia. Siku mafundi walipoanza kazi, alikuja kuadhini akakuta kifusi mlangoni pa mnara.

"Nani amekubali hii?"

"Ni mimi, baba."

Alivua kofia, akaipangusa vumbi, akaivaa, akarudi nyumbani bila kuadhini.

Msikiti leo ni mzuri, wageni wanaupiga picha. Spika za nje zimezimwa kwa amri ya wakuu wa mji, eti kelele, na mnara umebaki na tangi na njiwa. Ngazi zingekuwepo, mtu angepanda.

Wiki ileile baba alihamia kwa dada yangu, mtaa wa Batsinda. Wajukuu wa kule walikua wakiamshwa na adhana yake barazani. Wanangu mimi, waliozaliwa baadaye, hawaijui sauti ya babu yao. Aliishi huko miaka mingi hadi akafariki, na hakukanyaga tena nyumbani kwangu.