Siku Niliyoomba Kupunguziwa Posho

Vita vilipokwisha, kiwanda kimoja cha nguo Jinja kilifunguliwa tena, kikawekewa televisheni za kuchungulia uani. Kilitafuta mtu wa kuzikodolea macho. Mshahara ulikuwa wa kusikitisha, lakini kazi ilikuja na chumba, na wanangu wawili walikuwa kwa mama yangu, mtaa wa Nabuyonga kule Mbale, tangu bunduki zilipotutawanya. Nilikitaka kile chumba.

Tulifika wawili: mimi, mchuuzi wa soko la Mbale, na askari mstaafu. Msimamizi, Mkenya mpole, hakuuliza vyeti. Alitukaribisha chakula. Mpishi, aliyekuwa akivuta mguu mmoja, alipakua posho, ule ugali wa kwetu, na maharage kama anayejenga ukuta.

Nikashtuka. Nani anamshibisha mtu bure kabla ya kumpima?

"Nipunguzie, bwana."

"Niongeze?"

"Punguza. Robo inatosha."

"Nusu, mama. Usiniaibishe."

"Robo, na maharage kidogo juu. Mwisho."

Katika biashara zangu zote sikuwahi kupigania kidogo. Yule askari alipokea kilichobaki kwa shukrani.

Tukaketishwa mbele ya televisheni, kila mmoja na redio ya kuongea na mlinzi wa getini. Uani hapakuwa na kitu: malori, kuku mmoja, jua. Punde askari akawa anakoroma kwa nidhamu, kifua mbele.

Ndipo mtu mwenye koti la fundi akapita nyuma ya malori. Nikamtazama mara ya pili, maana mara ya kwanza huona kile tu muuzaji anachotaka uone. Fundi anavuta mguu! Nikabonyeza redio, na ulimi wangu ukanisaliti:

"Afande, kuna mtu mahari pa marori!"

"Mahari?" mlinzi akajibu. "Nani anaoa?"

"Mpishi! Ako nyuma ya marori, amevaa koti si yake! Mushike!"

Akamshika. Mpishi akainua mikono akicheka; alikuwa ametumwa kutujaribu. Kicheko kikamwamsha askari, akaruka na kupiga saluti.

"Kazi ni yako, mama," msimamizi alisema.

"Nionyeshe chumba."

"Watu hushukuru kwanza."

"Nitashukuru mlango ukifunga."

Ulifunga. Nikaufungua, nikaufunga tena, kisha nikamshukuru hadi akaona haya.

Jumamosi mama aliwaleta wanangu. Waligombania upande wa dirisha kabla hata ya kuvua viatu, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza humu ndani mna watoto wangapi.

"Wawili," nikamjibu, ingawa kwa kelele zile ilinibidi nihesabu tena.