Bwana yangu anafundisha bupilote wa uongo ku ordinateur yangu

Mama mumoja wa hapa Lubumbashi alituandikia. Jina yake inabakia kwetu. Musome mpaka mwisho mbele ya kumujibu, na mumujibu kwa heshima.

Admin, asante kwa kunificha. Niko mama ya miaka makumi tatu na sita, niko na batoto babili, ninashona nguo, na tunakaa mu commune Annexe. Nilikomalia mu quartier Naviundu, kwenye ndege zilikuwa zinapita juu ya nyumba yetu, na tangu butoto roho yangu iko mu ndege tu. Kuwa pilote haikuwezekana, juu baba alikufa mbele nimalize masomo. Lakini miaka tatu iliyopita bureau moja ilikuwa inatosha na kuuzisha ordinateur, kompyuta, zake za zamani. Niliuziwa moja, nikaweka ndani simulateur, ile programme ya kuendesha ndege ku écran.

Mwanzoni ilikuwa haya. Nikifika karibu ya kutua, picha inasimama, ikirudia ndege iko mu majani. Nikaanza kuitengeneza polepole, kwa ile kidogo nilikuwa ninapata ku uniforme ya batoto ya masomo. Kwanza nikaongeza mémoire. Kisha nikatosha disque ya zamani nikaweka SSD, disque ya mbio, na programme yenye ilikuwa inafunguka wakati bukari, ule ugali wetu, inaiva, ikafunguka mbele maji ichemuke. Nyuma nikapata carte graphique ya occasion, ile inachora picha ku écran. Muuzaji hakuniambia kama alimentation yangu, ile sanduku ya kuleta courant mu machine, ni ndogo. Machine ikazimika paa! Nikangoja tena miezi ine mpaka nikapata alimentation ya nguvu. Siku niliona taa za piste kwenye ndege inatua, bila picha kukatika, nililia. Bwana yangu alikuwa pale, akacheka: "Mama muzima, unalia juu ya muchezo?"

Lakini kisha akaniomba nimufundishe. Nilifurahi sana! Nilimufundisha kupaa, kugeuka, kutua, mukono yangu juu ya mukono yake ku manche, ile fimbo ya kuongoza ndege. Nilizani tumepata kitu ya kupenda pamoja.

Mwaka huu akaniletea kitambaa ya mweupe. "Unishonee chemise saba za chorale ya kanisa. Uweke na mistari ya zahabu ku mabega."

"Chorale gani inavaa vile?"

"Njo mode ya sasa."

Nikashona.

Siku moja sindano ya machine yangu ya kushona ikavunjika ku atelier, nikarudia nyumba saa tano ya asubui kutafuta ingine. Nikasikia sauti mu salon. Nikasukuma mulango. Vijana sita, bamevaa chemise yenye nilishona. Bwana yangu ameikala ku kiti yangu, casque yangu ku masikio, kofia ya pilote ku kichwa, mistari ine ku mabega. Ku ukuta amebandika karatasi: École d'aviation, ni kusema masomo ya bupilote. Bote bakasimama pamoja: "Bonjour, Madame la Commandante!"

Bandugu, huyu muntu hajaingiaka hata mara moja mu ndege. Na alikuwa amewaambia kama kisha miezi sita banapata brevet, ile karatasi ya bupilote, na compagnie ya ndege inabangojea. Binti mumoja wa miaka makumi mbili, wa ku mugini Kasomeno, aliacha masomo ya infirmière, ya kutunza bagonjwa, juu ya hii. Mama yake aliuzisha shamba juu ya kumulipia. Binti mwenyewe njo aliniambia, anacheka kwa furaha. Nilikamata sindano nikarudia ku atelier.

Mangaribi nilimuuliza. Alikuwa anakula bukari na sombe, hakuacha hata kutafuna. "Si weye njo ulinifundisha? Ordinateur ni yako, chemise ni yako. Ukisema, tunaenda bote babili ku cachot ya polisi." Akalamba vidole. Niliangalia ile kinywa, nikaona aibu kama niliipenda miaka kumi na moja.

Kesho yake nikatosha carte graphique, nikaificha kwa dada yangu. Munajua alifanya nini? Alibandika picha ya cockpit, chumba ya pilote mu ndege, ku ukuta, na vijana bakakaa mbele yake, banakamata hewa kwa mikono, yeye anasema: "Doucement, polepole, tunatua." Na banamupigia makofi. Tangu siku ile siwezi kugusa clavier ya ordinateur. Casque inanuka pomade yake, niliiosha mara tatu, bado inanuka.

Nikamufuata yule binti ku barabara. Nikamuambia polepole: "Mutoto yangu, ile si masomo. Ni muchezo. Bwana yangu si pilote." Aliniangalia sawa vile muntu anaangalia mulozi. "Commandant alishatuambia. Alisema bibi yake ana wivu juu yeye hakuwezaka kuwa pilote." Akaenda zake.

Ile neno iliniumiza kuliko yote. Kitu yenye nililia nayo tangu butoto, bwana yangu ameigeuza kinga ya uongo wake.

Nilifikisha neno kwa mama mukwe. Akaniambia: "Unataka bajukuu yangu baone baba yao mu prison? Funga kinywa, itaisha yenyewe." Haitaisha. Amekwisha kuandika banafunzi bengine bane.

Na jana mama ya yule binti alinipigia simu kutoka Kasomeno. Jumapili anakuya na kuku babili kutushukuru, miye na commandant. Sauti yake ni ya mama mwenye kuchoka. Aliniita mutoto yake. Nikajibu: "Asante mama, karibu." Kinywa yangu njo ilisema vile, na ninajichukia.

Munishauri, bandugu, siku zimebakia tatu. Niende ku polisi nimufunge baba ya batoto yangu, na labda banifunge na miye? Ao nibakie, nipike wale kuku, niikale ku meza pamoja na yule mama? Mungekuwa miye, mungefanya nini?