Matusi ya Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa makochi, na ana matusi. Nayataja yote mawili kwa mpigo kwa sababu na yeye huyafanya kwa mpigo: ameinamia fremu ya kiti, misumari midogo ameibana kwa midomo, nyundo mkononi, na katikati ya misumari hiyo yanapita maneno ambayo watu wengine huyaweka akiba ya siku ya ugomvi. Aliyeleta kochi lililotafunwa na panya ataitwa mchafu mbele ya mkewe. Aliyekalia mkono wa kiti mpaka ukavunjika ataulizwa kama kwao hakuna sakafu. Na wote wanarudi, kwa sababu kochi likitoka mikononi mwake halibonyei.

Nilipokuwa mdogo nilimwogopa. Sasa nina watoto wangu, nimekaa na watu wengi wenye ndimi laini, na nasema bila haya: sijaona mtu wa haki kama mwanamke huyu.

Kulikuwa na muuza mbao mmoja aliyekuwa akipita kwake. Siku moja alimletea ubao na kumwambia, "Niamini dada, hii ni mbao ngumu." Shangazi akamjibu, "Wewe ni mwongo tangu utotoni, peleka kwingine." Baada ya muda yuleyule akapita, akaona fremu aliyokuwa anaitengeneza, akasema, "Hii itapasuka. Tazama fundo hili hapa." Shangazi akamwita mwongo, mlafi, mtu mwenye macho ya kuku mgonjwa. Kisha akaigeuza fremu, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka pembeni na kuanza nyingine.

Nikamuuliza mbona siku ile alimkataa kwa uongo wake, na leo amemkubali na uongo wake huohuo. Akatema misumari kiganjani.

"Siku ile alinipa neno lake tupu. Neno lake ni ulimi wake, na ulimi wake naujua. Leo kanionyesha fundo. Sasa mwanangu, fundo la mbao linajua nani mwongo?"

Baba yangu, ambaye ni mdogo wake Shangazi, ni karani wa mahakama. Tangu nizaliwe sijamsikia akimwita mtu hata mjinga. Shati lake halina kunyanzi na maneno yake hayana kunyanzi. Jirani akilalamika kwenye kikao cha mtaa kwamba mtaro umeziba, Baba atasema, "Tunamshukuru sana jirani, ingawa sote tunajua mambo yalivyo nyumbani kwake." Basi. Watu watacheka kidogo, watakunywa chai, na mtaro utabaki umeziba. Watatoka wakisema bwana yule ana adabu. Hata Mama, walipoachana, alisema aliondoka bila kusikia neno moja baya na bila kujibiwa swali hata moja.

Babu, baba yao, ni fundi viatu. Alikuwa akiishi kwa Shangazi, na chumba chake cha kazi kimepakana na karakana ya Shangazi, ukuta kwa ukuta. Tangu Bibi afariki, kile chumba ndicho kilichomweka hai. Huko ndiko alikokuwa na watu, na utani, na sababu ya kuoga asubuhi.

Kisha akaanza kubadilika. Alisinzia na kiatu gotini. Aliniita kwa jina la Bibi. Alishona mkanda wa sandali upande usiopaswa, akamkabidhi mteja huku akitabasamu. Siku moja tulimkuta nje, amesimama mbele ya mlango wake wa kazi, anawauliza wapita njia chumba chake kiko wapi. Nililia, nasema kweli.

Baba akaita kikao cha ndugu, Jumapili, sebuleni kwa Shangazi. Babu alikuwa kwenye kiti chake, kidevu kifuani. Baba akaeleza kwa upole kwamba mzee amezeeka, akili imechoka, chumba apewe mpangaji, vifaa viuzwe, na mzee akae ndani, mlango ufungwe kwa ufunguo kwa usalama wake. Hakuna aliyepinga. Mimi nilimtazama Babu nikajua kwamba chumba kikienda, naye hatakaa sana.

Mama alikuwepo. Alimwacha mume, hakumwacha mkwe. Kila Jumapili alikuja kumtazama. Akasema, "Mzee hajachanganyikiwa. Mnamlevya."

Sebule nzima ikageuka.

"Wifi anampa vidonge vya usingizi kila jioni," Mama akaendelea, kisha akamgeukia Baba. "Na wewe unapita asubuhi unampa vidonge vya kuwashwa ngozi. Nimeziona pakiti zote mbili. Majina makubwa ni tofauti, lakini yale maandishi madogo chini, dawa ni ileile. Mzee anainywa asubuhi na jioni. Nani asingechanganyikiwa?"

Baba akakunja mikono yake vizuri. "Namshukuru mama watoto kwa kujali. Ila, kwa heshima zote, yeye aliondoka katika familia hii kwa hiari yake. Nadhani kila mmoja wetu anaweza kupima mwenyewe uzito wa maneno yake."

Ndugu wakaguna kukubali. Ilikuwa imekwisha. Nilimwona Mama akichukua mkoba wake.

Hapo Shangazi akasimama. "Wewe mwanamke!" akasema, na mimi nikafumba macho. "Una kiburi kama jogoo wa tajiri. Ulimwacha mdogo wangu nguo zake ziko kwenye kamba, zimeloa. Sikukupenda siku ya harusi, sikupendi leo, na hilo gauni limekukaa kama shuka la kitanda cha watu wengine."

"Na mimi sikupendi, wifi," Mama akajibu.

"Vizuri, tumeelewana. Pakiti zenyewe uliziona wapi?"

Baba akashangaa. "Dada, huoni kwamba anakushtaki wewe?"

"Naona, mimi si kipofu. Anasema namlevya baba yangu mzazi. Sasa unataka nikae kimya nisitazame?" Kisha akamgeukia vizuri. "Mimi nimemtukana, wewe hukumtukana. Haya, sifa zako. Lakini tusi langu limepita, limekwenda zake. Wewe hayo maneno yako mazuri umeyakalisha kwenye kiti cha jibu. Nani kamjibu kuhusu vidonge? Aliyeacha mume hajui kusoma pakiti?"

Mama akaonyesha chumba cha Babu kwa kidole. Shangazi akaingia, akatoka na pakiti mbili, akanipa mimi nisome. Nikasoma majina makubwa, kisha nikasoma maandishi madogo. Nikayasoma tena kwa sauti, maana ilikuwa dawa ileile.

Shangazi akakaa sakafuni, yeye na unene wake wote. Alikuwa akimpa zile dawa kwa mkono wake, na glasi ya maji, na kumfunika shuka. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema, bila kumtazama Mama. "Kasema kweli."

Daktari aliziona pakiti akatikisa kichwa. Akazisimamisha zote mbili, akatoa mafuta ya kupaka kwa ile ngozi, akasema tungoje. Tukangoja. Kwanza Babu alilalamika kwamba chai ina sukari nyingi. Halafu akaniita kwa jina langu. Halafu akauliza nani kamwekea viatu vya wateja wake kwenye gunia kama viazi, na Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kochi la mteja.

Kikao cha pili kilikuwa kigumu zaidi, maana Baba alikwisha kumwahidi mwenzake wa ofisini kile chumba, na ufunguo alikuwa nao yeye. Shangazi akasema mzee arudi kazini, aanze na asubuhi tu, yeye yupo ukuta wa pili atamsikia.

"Dada, unajua ninavyokuheshimu," Baba akasema. "Lakini aliyekuwa akimpa mzee dawa kila jioni mpaka akapotea njia, sidhani inafaa leo awe ndiye wa kutuhakikishia kwamba mzee ni mzima."

Nilimwona Shangazi akifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusikia kitu kikitoka. Damu ikanipanda. "Na wewe je, Baba? Za asubuhi alikuwa akimpa nani?"

"Kaa chini," Shangazi akaniambia, sauti imekauka. "Alimpa, ndiyo. Hilo linaonyesha mzee anaweza kushona?"

Akavua sandali yake ya kulia, ambayo mkanda ulikuwa umekatika, akaiweka juu ya mapaja ya Babu pamoja na sindano nene, uzi na kipande cha nta. Babu akaigeuza mara mbili, akapaka uzi nta, akatoboa, akavuta. Vidole vyake vilikuwa polepole lakini havikutanga. Tulimtazama wote, hata Baba, ambaye alivaa viatu vya mikono ile tangu alipoanza kutembea. Mwishoni Babu akakata uzi kwa meno na kumrudishia bintiye kiatu.

Shangazi akakivaa, akakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote. Mkanda ukashika.

"Swali lilikuwa anaweza au hawezi," akasema. "Limejibiwa. Kuna lingine?"

Baba akatia mkono mfuko wa shati, akatoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha Babu.

Ndipo Shangazi akamgeukia, machozi yanamtiririka bila kificho. "Sasa nimemaliza kujibu. Mpuuzi mkubwa wewe! Bichwa boga! Nimekubeba mgongoni, umenikojolea mgongoni, leo unaniambia mimi, mimi..." Sauti ikamkatikia.

Baba akainama. "Dada, tafadhali."

"Mwache dada yako amalize," Babu akasema, na Shangazi akavuta pumzi, akaendelea.