Tundu la Kwa Mama Koku

Leo nimegombana na fundi kwa sababu ya tundu.

Liko ukutani dukani kwangu, nyuma ya cherehani, hapa Mwanza mjini. Lilitobolewa miaka ya tisini, enzi za ruksa ya biashara, ghala lilipogawanywa vyumba vya maduka. Wakapitisha waya za umeme, pembeni pakabaki nafasi ya kupenyeza mkono.

Upande wa pili alikuwa Mama Koku, Mhaya, muuza vitenge. Kila asubuhi alinipitishia hapo kahawa ya kutafuna. Mimi Msukuma, mwisho nikawa siwezi kushona bila hiyo kahawa 😂

Siku nikiwa na huzuni, nasikia tu: "Mama Limi, una nini leo?"

Nikadhani ana masikio makali.

Tulimzika mwaka jana. Chumba chake bado kitupu.

Leo fundi kaja kuziba kwa lipu isiyoshika moto. Duka moja likiungua, anasema, moto na moshi vinapita humo hadi la pili. Nikabisha weee! Lakini anasema kweli.

Akafungua kwa Mama Koku, akanituma nihakikishe tundu limetokea wapi.

Nikakaa kwenye stuli yake, ndiyo pekee iliyobaki humo. Nikachungulia.

Kumbe alikuwa ananiona!

"Mama, unaona nini huko?" fundi akauliza.

"Naona kiti changu. Hakuna mtu."

Akaziba.

Jamani, kesho mkipita mjini, hata kama hamna nguo ya kushona, niulizeni nina nini leo.