Nilienda Badala ya Tata

Ilianza Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi, saa sita kamili ya mchana, midi kama tunavyosema hapa Kolwezi, wakati timu ya tata, baba yangu, ilipoingia uani kwetu na kidumu cha njano. Kengele ya parokia ilikuwa inalia na mama alikuwa anageuza bukari, ugali wetu. Aliona kidumu, akaacha mwiko umesimama ndani ya sufuria.

Walikuwa wanne. Wamevaa mashati ya misa, lakini kucha zao zilikuwa bado za shimoni. Tata amechimba nao kule kwenye mgodi wa Mashamba miaka mingi, shaba na kobalti, na wana desturi yao: mtu wa timu akiugua, kila Jumapili wanamletea fungu lake. Fungu si chakula tu. Ni kila kitu ambacho angekipata kama angeshuka nao, pamoja na lutuku, ile pombe kali ya mahindi wanayokunywa kabla ya kuingia chini. Ukilipokea unasema bado wewe ni mtu wao, utarudi. Ukilikataa ni kama umejizika mwenyewe.

"Tata ya mapacha!" mkuu wao aliita. Hatuna mapacha nyumbani, ni utani wao tu kwa sababu tata alikuwa anabeba mifuko miwili kwa safari moja. "Unalala kama bibi-arusi! Shimo inakulilia!"

"Iache ilie," tata alisema. "Mi nitakuja kuipangusa machozi."

Wakacheka. Tata pia alicheka, halafu akashika shingo. Wakamimina, akanywa. Nilimwona mama akiangalia koo la tata linavyopanda na kushuka. Nilijua anachofikiri kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri hichohicho.

Munganga, daktari wa hopitali, alikuwa amesema siku chache kabla kwamba ni kansa ya umio, njia ile ya chakula. Lakini hakumwambia tata. Alimwita mama na mdogo wake tata, tonton wangu, ndani ya ofisi, na mimi nikabaki na tata kwenye benchi la koridoo, tukiangalia miguu ya watu. Walipotoka, tonton alimwambia kaka yake kwa sauti kubwa, kama mtu anayetangaza matokeo ya mpira, "Ni vidonda vya tumbo tu, yaya! Vinapona!" Nyumbani, mama alinivuta nyuma ya jiko akanieleza ukweli, akanikamata mkono. "Mugonjwa akisikia ile jina, roho inatoka mbele ya siku yake. Usimuambie tata yako hata siku moja. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Kwetu hakuna mtu anayemwambia mgonjwa jina hilo. Hata majirani wanasema "ule ugonjwa".

Na munganga alikuwa amesema jambo la pili. Tata aende Lubumbashi kwa matibabu, lakini asipoacha lutuku hawataanza. Mwili wake hautabeba vyote viwili. Kabla ya kusafiri watampima tena, na wakikuta bado anakunywa, watamrudisha. Hapohapo hopitali, akasema, kuna chumba ambako wagonjwa wa kansa wanakutana kila Jumatano mchana na mama mmoja anayewasikiliza, juu ya mawazo, juu ya usingizi, na pia juu ya wale walioshikwa na pombe au vidonge. Tata aende kule.

Sasa fikiri. Utampelekaje tata kwenye chumba cha watu wa kansa wakati umemwambia ana vidonda vya tumbo? Na utawaambiaje watu wa timu wasilete lutuku, bila kuwaambia kwa nini? Mama aliyazungusha maneno hayo tangu Jumapili ile. Jumanne jioni, tukichambua mboga za lengalenga, akapata jibu.

"Utaenda we."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Utaikaa, utasikia yote banasema, utakuja kuniambia. Tutamufanyia hapa nyumbani, hatajua."

Mimi ni mtu ambaye katika kwaya nafungua mdomo bila kutoa sauti. Mwalimu akiniuliza swali, mabega yanajibu kabla yangu. Lakini mama hana mtu mwingine wa kumtuma, na mimi ndiye mkubwa. Nikasema ndiyo, nikatumaini kwamba Jumatano itapotea katikati ya wiki.

Haikupotea. Nilienda na uniform yangu, begi kifuani. Chumba kipo karibu na maabara, kina viti vya plastiki na dirisha linaloangalia barabara ya malori, kwa hiyo kila lori likipita watu wananyamaza, wanangoja, halafu wanaendelea pale walipoachia. Walikuwa watu saba hivi. Mwanamke mzee mwenye kitambaa kichwani, kijana mwembamba aliyekuwa anatikisa goti, wengine sikuwaangalia. Mama anayewaongoza alikuwa mnene, sauti ya chini, viatu amevivua.

"Mutoto, unaugua nini?" akaniuliza.

"Mi siko mugonjwa. Nimekuja juu ya tata."

"Na tata iko wapi?"

"Ku nyumba."

"Ye njo amekutuma?"

"Mama njo amenituma. Tata hajue."

"Hajue nini? Hajue kama umekuja, ao hajue kama iko mugonjwa?"

Mabega yangu yakajibu. Mzee mwenye kitambaa akapiga makofi mara moja, akacheka. "Eh! Basi tukupatie na dawa yake, umumezee! Na ukitapika, tata atapona!" Wote wakacheka, na mimi nilitamani sakafu ifunguke. Halafu yuleyule mzee akavuta kiti chake karibu na changu, akaweka mkono wake mgongoni kwangu, na hakuuondoa mpaka mwisho. Ulikuwa mwepesi kama kitambaa kikavu.

Walizungumza. Kijana wa goti alisema yeye alianza na vidonge vya maumivu vya hopitali, halafu vya barabarani, na sasa hajui tena kama anavimeza kwa sababu ya uvimbe au kwa sababu ya woga. "Maumivu inalala, woga hailali," alisema. Mwingine alisema mke wake anamficha vidonge kwenye unga na yeye anavikuta kila mara, na sasa amechoka kuvikuta. Mimi nilikuwa nakariri kila kitu kama somo la historia.

Walipomaliza, yule mama mnene akanibakiza. Nikamweleza juu ya lutuku. Akaniuliza tata anakunywa tangu lini, kila siku, asubuhi pia? Asubuhi pia, nikasema. Akakunja uso.

"Sikia muzuri. Mutu mwenye amezoea kila siku, hamuwezi kumukatia mara moja. Mwili inaweza kumugeukia. Atatetemeka, anaweza hata kuanguka kifafa. Ile kazi inafanyika hapa, na munganga, kidogo kidogo. Ambia mama yako hivyo. Na ambia ye: siwezi kusaidia mutu mwenye haikae mu kiti yangu."

"Lakini akikuja hapa atajua."

"Ndiyo," akasema. "Atajua." Akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza.

Njia nzima nilirudia maneno yale ili nisiyaangushe. Mama alikuwa anapanga chumvi na samaki kwa ajili ya soko la kesho. Akauliza kwa kunong'ona, "Banasema nini?" Nikasema, "Banasema aache lutuku, lakini..." na hapo pazia la mlango likafunguka. Tata aliingia akijishika ukutani. Mama akabadilisha sura palepale, "...lakini ule mwalimu wenu naye anawapatia kazi nyingi, aki!" akasema kwa nguvu, na kunifinya. Nikangoja tuwe wawili tena. Akaja jirani kuomba makaa. Halafu mama akaenda kwenye maombi ya jumuiya.

Tata akaniita nje. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya udongo wa mgodi, na vumbi la malori lilikuwa bado limesimama hewani. Kidumu cha njano kilikuwa karibu na mguu wake.

"Leo umetoka wapi na begi haina hata daftari moja?"

Nikaangalia kidumu.

"Ulienda ku ile chumba ya batu ba kansa," akasema.

Alilitaja lile jina hivihivi, kama mtu anayetaja jina la mtaa.

"Tata, nani amekuambia?"

"Nani ataniambia? Shi tulikuwa wote ku benchi? Mutu wa vidonda vya tumbo, habaite bandugu yake mu ofisi na kufunga mulango." Akacheka kidogo, kicheko kikakwama njiani, akatema pembeni. "Tonton yako hata kudanganya hajue. Alikuwa analia na mudomo inacheka."

Nikaanza kulia mimi. Akaniacha nilie. Halafu akasema nisimwambie mama kwamba anajua.

"Anajikaza sana kunificha. Ile njo inamusimamisha. Siku atajua kama najua, ataanguka, na mi sina tena mikono ya kumunyanyua."

Nikamwambia kile chumba kiko kila Jumatano. Nikamwambia watu kule wanacheka, si msiba. Nikamwambia juu ya Lubumbashi, kwamba wakimkuta anakunywa watamrudisha.

"Ile pia najua," akasema. Akamimina kidogo kwenye kikombe cha plastiki, akakishika bila kunywa. "Nikikunywa, kichwa inanyamaza. Nisipokunywa, nasikia kila kitu. Nasikia mpaka we unavyopumua ku ile chumba yenu. Unadhani mi nataka?"

"Basi twende, tata. Mama hatajua."

"Ku hopitali ile? Mu hii mji? Mbele ya kufika ku geti, mama yako atakuwa amejua."

Akanywa. Tulikaa hivyo mpaka mama akarudi akiimba wimbo wa maombi, na sisi wawili tukamsalimu kwa furaha kama watu waliokuwa wanangojea tu chakula. Sasa nilikuwa nimebeba siri ya mama upande huu na siri ya tata upande ule, na zote mbili zilikuwa jambo lilelile moja. Nililala na neno la "kidogo kidogo" bado mdomoni, sijampa mama.

Asubuhi iliyofuata mama alikuwa ameshaenda sokoni. Kidumu cha njano kilikuwa kimepinduliwa juu ya ua, kinakauka, na karibu na mfereji kulikuwa na harufu kali ya lutuku. Mama alikuwa amesikia "aache", akaachisha.

Tata alikuwa kwenye mkeka, jasho limempiga, meno yanagongana. Mikono yake ilikuwa inaruka juu ya blanketi kama si yake. Alitaka kuniambia kitu lakini taya halikumtii. Nilifikiria hopitali, lakini tangu mkekani mpaka barabarani asingefika, na kwenye pikipiki asingeweza kujishika. Nilifikiria kifafa. Niliwafukuza wadogo zangu waende shule, nikachukua kikombe, nikakimbia kwa mama mmoja anayepika lutuku nyuma ya kanisa dogo, na uniform yangu nyeupe na buluu, mbele ya macho ya wote.

Wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji pale mbele.

"Ah, kumbe na kwaya inakunywa!" mmoja akasema.

"Njo maana haitoe sauti, koo imeungua!"

Nilinunua bila kuinua macho. Nilirudi natembea polepole, kwa sababu ukikimbia inamwagika.

Nilikaa nyuma ya tata, nikamwegemeza kifuani kwangu, nikamshikia kikombe kwa mikono miwili. Nusu iliteremkia shingoni. Alimeza kidogo, ikamuuma, akameza tena. Baada ya muda mikono ikaanza kutulia, mmoja halafu wa pili. Mimi ndiye niliyetumwa kujifunza jinsi ya kumwachisha.

Mama aliingia uani beseni likiwa bado kichwani, samaki hata mmoja hajauzwa. Habari ilikuwa imefika sokoni kabla ya jua kupanda vizuri. Alitukuta hivyo, kikombe mkononi mwangu.

"Ni we umemununulia?"

"Ni mi," nikasema. Tata alikuwa amefumba macho, akanibana mkono, akijua kinachofuata. Nikamwambia mama maneno yote ya Jumatano, mpaka mwisho safari hii, kidogo kidogo, na munganga. Halafu nikamwambia na lile lingine. "Na tata anajua, mama. Anajua tangu ku benchi."

Hakulia. Hakuanguka pia. Alisimama tu, na beseni likaanza kutikisika, samaki wakasogea upande mmoja. Nikamlaza tata polepole, nikaenda, nikamshushia mama mzigo.